Mwendo na Mafuta: Jinsi Ninavyochagua Sedani Yenye Nguvu Iliyokwisha Kutumika

Kila ninayemweleza kwamba ninatafuta sedani yenye mwendo, tena iliyokwisha kutumika, huniuliza kwanza gari la namna hiyo linakula mafuta kiasi gani. Ni swali la haki, na mimi mwenyewe ninalijali, kwa kuwa gari nitakalolinunua litanipeleka kazini katika foleni siku za juma na litanipeleka kwenye barabara ndefu zenye kona na milima siku za mapumziko. Hata hivyo, kadiri nilivyoendelea kulinganisha magari ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba swali hilo, kwa namna linavyoulizwa kwa kawaida, humpotosha mnunuzi. Wengi huchukulia kwamba kila nguvu farasi inayoongezeka ina gharama ile ile ya mafuta, kana kwamba nguvu zote huuzwa kwa bei moja. Takwimu zinaonyesha vingine. Ipo nguvu inayopatikana kwa mafuta machache ya ziada, na ipo nguvu inayolipiwa ghali mno, na kazi kubwa ya mnunuzi ni kujua ya kwanza inaishia wapi na ya pili inaanzia wapi.

Nitatoa mfano wa sedani tatu ambazo zilipimwa kwa utaratibu mmoja na Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani. Mazda6 ya mwaka 2014, yenye injini ya lita 2.5 isiyo na turbo, yaani kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, na nguvu farasi 184, ilipewa wastani unaolingana na lita 7.8 kwa kilomita 100 katika toleo la gia otomatiki. Subaru WRX ya mwaka 2015, yenye injini ya lita 2.0 ya turbo na nguvu farasi 268, ilipewa takriban lita 9.8 katika toleo la gia za mkono. Ndugu yake, WRX STI ya mwaka huo huo, yenye lita 2.5 na nguvu farasi 305, ilipewa takriban lita 12.4. Tazama hatua mbili hizo. Kutoka Mazda6 hadi WRX mnunuzi anaongeza nguvu farasi 84 na kulipa lita 2 kwa kila kilomita 100. Kutoka WRX hadi STI anaongeza nguvu farasi 37 tu, na analipa zaidi ya lita 2 na nusu.

Sababu ya tofauti hiyo imo ndani ya injini na gia. Injini ya WRX hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na kwa kuwa petroli hiyo huipoza hewa iliyomo, wahandisi waliweza kuweka uwiano wa mgandamizo, yaani kiasi ambacho hewa hubanwa ndani ya silinda kabla ya kuwashwa, wa 10.6 kwa 1 ingawa kuna turbo. Injini ya STI ni ya kizazi cha zamani zaidi. Petroli yake huingizwa kabla ya valvu, yaani milango ya kuingizia hewa kwenye silinda, na uwiano wake wa mgandamizo ni 8.2 kwa 1. Mgandamizo mdogo maana yake ni kwamba kila tone la petroli hutoa kazi ndogo zaidi, hata pale dereva anapokwenda taratibu bila kuhitaji turbo. Ongeza gia fupi, zinazoizungusha injini kwa kasi hata katika mwendo wa safari, na utaelewa kwa nini mmiliki wa STI analipia nguvu yake saa zote, hata saa ambazo haitumii. Hilo ndilo ninalolikwepa. Gari linalodai mafuta mengi ninapolikanyaga nitalivumilia. Linalodai mafuta mengi likiwa limetulia nyuma ya lori, hapana.

Kabla sijaendelea, inanibidi niseme kwa nini ninahesabu kwa lita kwa kilomita 100 badala ya kilomita kwa lita, jinsi wengi wetu tulivyozoea. Kilomita kwa lita hudanganya macho. Gari linalokwenda kilomita 8 kwa lita litatumia lita 125 katika safari ya kilomita 1,000, na linalokwenda kilomita 10 litatumia lita 100. Tofauti ya kilomita 2 imeokoa lita 25. Sasa linganisha gari la kilomita 14 na la kilomita 16. Tofauti ni ile ile ya kilomita 2, lakini kinachookolewa ni takriban lita 9 tu. Kwa hiyo mtu anayebishana usiku kucha juu ya kilomita 14 na 16 anabishania kitu kidogo, na anayesema kwamba 8 na 10 ni karibu sawa anapoteza mafuta mengi. Katika sedani zenye nguvu tuko upande wa namba ndogo, mahali ambapo kila kilomita moja ina uzito mkubwa, na ndiyo sababu inafaa kuhesabu kwa lita.

Namba za watengenezaji nazo zinahitaji kusomwa kwa makini, hasa kwa sababu soko la magari yaliyotumika linachanganya magari yaliyopimwa kwa taratibu tofauti. Kipimo cha zamani cha Japani kilichoitwa 10·15 hakikuvuka mwendo wa kilomita 70 kwa saa, na JC08 kilichokifuata kiliishia karibu na kilomita 82. Kipimo cha Ulaya kilichoitwa NEDC kilifika kilomita 120 kwa muda mfupi sana, na mwongezo wake wa mwendo ulikuwa wa taratibu mno. Kuanzia mwaka 2017 kilianza kupisha WLTP, ambacho ni kirefu zaidi na hufika kilomita 131 kwa saa. Marekani walibadilisha hesabu zao kuanzia magari ya mwaka 2008, wakaongeza mwendo mkali, kiyoyozi na baridi. Gari moja linaweza kuonekana la kubana matumizi katika karatasi ya Japani na kuonekana la kawaida kabisa katika karatasi ya Marekani, ilhali ni lile lile. Mimi ninalinganisha namba za kipimo kimoja tu, na pasipokuwa nazo ninaiacha karatasi pembeni.

Jambo lililonishangaza zaidi lilitokana na hesabu ndogo ya fizikia. Gari la kilo 1,500 likitoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa hupata nishati ya mwendo isiyofika megajuli 0.6. Lita moja ya petroli ina takriban megajuli 32, na injini nzuri hugeuza karibu theluthi moja yake kuwa kazi. Maana yake ni kwamba kuchomoka kwenyewe, ukiacha upinzani wa hewa na matairi, hugharimu takriban sentilita 6 za petroli. Ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Kinacholeta hasara ni breki inayofuata, kwa kuwa nishati yote iliyonunuliwa kwa sentilita hizo hugeuka joto na kupotea, na dereva anayechomoka na kukanyaga breki mara moja katika kila kilomita atakuwa ameongeza karibu lita 6 kwa kilomita 100, kiasi kinachozidi tofauti iliyopo kati ya Mazda6 na STI. Anayechomoka mara moja kuingia barabara kuu kisha akatulia hajapoteza kitu cha kumnyima usingizi.

Mwendo wa juu nao una hesabu yake. Nguvu ya hewa inayolipinga gari huongezeka kwa mraba wa mwendo, hivyo kutoka kilomita 100 hadi 120 kwa saa upinzani huo hupanda kwa asilimia 44. Hapa sedani ina heri kuliko magari ya familia yaliyo marefu kwenda juu, kwa sababu ni ya chini na umbo lake hupasua hewa vizuri. Katika foleni, ambako mwendo ni mdogo na hewa si hoja, ukubwa wa injini ndio unaotawala: injini inayonguruma bila gari kusogea inaweza kuchoma kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, na kubwa ikiwa na kiyoyozi huzidi hapo. Kwa hiyo mtu anayekaa sana foleni ana sababu ya kuogopa silinda sita, na mtu wa safari ndefu ana sababu ndogo zaidi.

Hilo linanifikisha kwenye ulinganisho uliochukua sehemu kubwa ya fikra zangu, nao ni wa BMW 328i mbili zilizofuatana. Ya kizazi cha E90, kwa mfano ya mwaka 2011, ina injini ya lita 3.0 yenye silinda sita mstari mmoja, bila turbo, na nguvu farasi 230. Ya kizazi cha F30 iliyoanza mwaka 2012 ina injini ya lita 2.0 ya silinda nne yenye turbo na nguvu farasi 240. Ukisoma nguvu farasi peke yake utasema ni gari lile lile. Lakini nguvu ya mzunguko, yaani ule msukumo unaousikia mgongoni unapokanyaga mafuta, katika injini ya zamani hufika kilele cha nyutonimita 270 hivi kwenye mizunguko 2,750 kwa dakika, na katika injini mpya hufika nyutonimita 350 kuanzia mizunguko 1,250 tu. Nyingi ya saa zetu za kuendesha hupita chini ya mizunguko 3,000. Katika eneo hilo gari jipya lina nguvu zaidi, na wastani wake wa mafuta ni takriban lita 9 kwa kilomita 100, ilhali la zamani liko karibu na lita 10.7. Kwa mtu anayeendesha kilomita 12,000 kwa mwaka, tofauti hiyo ni lita 200 hivi.

Nakiri kwamba silinda sita ile ninaipenda. Inazunguka kwa ulaini ambao silinda nne haiwezi kuuiga, inaitikia mguu papo hapo bila kusubiri turbo ijaze hewa, na sauti yake inapokaribia mizunguko 6,000 ni sababu tosha ya mtu kununua gari hilo bila kutoa maelezo kwa yeyote. Kama ningekuwa naendesha mwisho wa juma tu, ningeichagua na lita hizo 200 ningezilipa kwa furaha. Lakini sehemu kubwa ya mwendo wangu ni foleni.

Gia zina mchango kuliko watu wengi wanavyozipa. Ile imani kwamba gia za mkono ndizo zinazobana mafuta ilikuwa kweli wakati otomatiki zilikuwa na gia nne. Otomatiki ya gia nane ya kampuni ya ZF, iliyoingia sokoni mwaka 2009 na kuenea haraka katika sedani za Ulaya, ina gia za juu ndefu zinazoiacha injini izunguke taratibu kwenye barabara kuu, na gia za chini zilizokaribiana zinazoifanya ichomoke vizuri. Hii ni mojawapo ya sehemu chache ambako teknolojia imetoa mwendo na kubana mafuta kwa wakati mmoja, na kwangu ni sababu kubwa ya kupenda gari la baada ya mwaka 2012 kuliko la kabla yake.

Aina ya petroli isisahauliwe. Injini nyingi za turbo na zile zenye mgandamizo mkubwa huhitaji petroli ya oktani 95 au 98. Ukiipa ya chini, petroli hujiwasha kabla ya wakati wake, vihisi vinavyosikia mgongo huo huifanya kompyuta icheleweshe plagi kuwasha, injini inapungua nguvu na ulaji unapanda. Kwa hiyo umelipa nafuu kwenye pampu na kuilipia barabarani. Anayepanga bajeti ahesabu kwa bei ya petroli ambayo gari linaitaka kweli.

Kuhusu haibridi, yaani gari linalochanganya injini ya petroli na mota ya umeme, nitasema kwa ufupi. Toyota Camry Hybrid ya mwaka 2012 ina nguvu farasi 200 na hutumia takriban lita 6 kwa kilomita 100, kwa sababu huirudisha nishati ya breki kwenye betri, na hakuna gari katika orodha yangu linaloikaribia. Kama ningetafuta mwendo ulionyooka na mafuta machache, mjadala ungeishia hapo. Ninachotafuta kinajumuisha usukani unaozungumza na mikono na gari linalotulia katika kona, na hapo Camry ile ilijengwa kwa lengo jingine.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko yote niliyotangulia kuyaeleza. Namba zote hizo ni za gari jipya lenye afya, na sisi tunanunua gari lililopita mikononi mwa watu. Wizara ya Nishati ya Marekani inasema kwamba kurekebisha hitilafu kubwa kama ya kihisi cha oksijeni kilichoharibika kunaweza kuboresha matumizi ya mafuta kwa hadi asilimia 40. Themostati, yaani valvu inayodhibiti joto la maji ya injini, iliyokwama wazi huiacha injini ikiwa baridi, na kompyuta ya gari, ikidhani bado inapasha moto, huendelea kuongeza petroli. Breki zinazobana, plagi zilizochoka, bomba la turbo linalovuja hewa, matairi yasiyo na upepo wa kutosha: kila kimoja kinachukua sehemu yake. WRX iliyotunzwa vizuri inaweza kabisa kutumia mafuta machache kuliko Mazda6 iliyotelekezwa.

Ndiyo sababu siendi kuangalia gari bila kifaa cha kusoma kompyuta yake. Wengi hukitumia kuona kama kuna hitilafu iliyorekodiwa, na wauzaji wanalijua hilo, hivyo baadhi yao hufuta rekodi kabla mnunuzi hajafika. Cha kutazama ni kama majaribio ya ndani ya kompyuta yamekamilika. Yakionyesha kwamba bado, rekodi ilifutwa au betri ilichomolewa hivi karibuni, na muuzaji anapaswa kueleza kwa nini. Pili ninatazama masahihisho ya mafuta, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza petroli ili kufikia mchanganyiko sahihi. Yakicheza karibu na sifuri, injini inapumua vizuri. Yakikaa juu ya asilimia 10 kwa muda mrefu, kuna hewa inayovuja, kihisi kinachodanganya au pampu ya mafuta iliyochoka, na hapo ulaji wa mafuta utakuwa ndiyo hasara ndogo.

Sedani za aina hii zina hatari nyingine ambayo gari la kawaida halina, nayo ni mikono ya wapenda mwendo. Gari lililobadilishiwa programu ya kompyuta ili turbo isukume hewa zaidi limekuwa likifanya kazi nje ya mipaka ambayo pistoni zake zilitengenezewa, na mmiliki wa pili hawezi kujua ni kwa muda gani. Injini ya STI niliyoitaja inajulikana kwa kupasuka kingo za pistoni zinazoshika ringi inaposukumwa namna hiyo. Kwangu mimi chujio la hewa lisilo la kiwandani, ekzosi iliyobadilishwa au alama za boliti zilizofunguliwa kuzunguka turbo ni sababu ya kumshukuru muuzaji na kuondoka, hata kama bei inavutia. Na ni vigumu kuipata WRX ambayo haijaguswa; hilo ndilo lililoiondoa katika orodha yangu, kwa sababu kwa upande wa mwendo na lita ilikuwa imeshinda.

Kila injini ina maradhi yake yanayofahamika, na mnunuzi ayajue kabla ya kwenda. Lexus IS 250 yenye silinda sita za lita 2.5 hunyunyiza petroli ndani ya silinda pekee, hivyo valvu za kuingiza hewa hazioshwi na petroli na hujaa masizi, na matokeo yake ni injini inayotetemeka na kupoteza nguvu. IS 350, ambayo ina vinyunyizio vya ndani ya silinda na vya kabla ya valvu, haina tatizo hilo kwa kiasi hicho. BMW 328i ya F30 niliyoisifu ina injini ya N20, na zile za miaka ya mwanzo zina vielekezi vya plastiki vya cheni ya taimingi, ile inayofanya valvu zifunguke kwa wakati wake, ambavyo huchakaa na kuvunjika. Sauti ya kulia kama filimbi inayopanda pamoja na mizunguko ni dalili ya kuikimbia. Baadaye BMW waliibadilisha sedani hiyo kuwa 330i yenye injini mpya ya B48, nayo pia ni ya lita 2.0 na turbo, yenye nguvu farasi 248 na wastani wa karibu lita 8.7 kwa kilomita 100.

Hiyo ndiyo niliyoamua kuitafuta. Inanipa nguvu inayokaribia ya WRX kwa mafuta yasiyofika lita moja zaidi ya yale ya Mazda6, na inanipa msukumo wake pale chini ninapouhitaji katika foleni na milimani. Gharama yake iko kwingine: vipuri ni ghali kuliko vya Mazda, na kwa bajeti ile ile nitalazimika kuchukua lililotembea kilomita nyingi zaidi. Nimekubali hilo kwa masharti. Nitachukua lenye kumbukumbu za oili iliyobadilishwa kila baada ya kilomita 10,000 au chini ya hapo hata kama limetembea zaidi, na nitaliacha lenye kilomita chache na historia isiyojulikana. Nitataka kuliwasha mwenyewe asubuhi likiwa baridi kabisa, kwa kuwa injini iliyokwisha kupashwa moto na muuzaji huficha sauti za cheni na moshi wa oili. Na nikipata mawili yanayolingana, nitachagua lenye rimu za inchi 17 kuliko la inchi 19: magurudumu yake ni mepesi, matairi yake ni membamba na ya bei nafuu zaidi, na mashimo ya barabarani hayataifikia rimu kirahisi.